Tangi la vepu lililonibana pumzi, na fundi saa wa Mtwara aliyelifungua

Tangi lenyewe, yaani kile kikopo cha vepu (sigara ya umeme) kinachobeba majimaji yenye nikotini na koili, ule waya wa moto unaoyageuza kuwa mvuke, nimelinunua shilingi 65,000, pamoja na nauli ya kifurushi kwenye basi la kutoka Dar es Salaam. Kulifanya livutike kumenigharimu 12,000 kwa fundi saa wa hapa Mtwara mjini, kisha 8,000 kwa mzee mchonga vinyago wa Mikindani. Jumla 85,000. Katika hela hiyo yote, zile 20,000 za mwisho ndizo zilizonifaa kuliko zote, na ndizo ninazotaka kuzieleza kwa kirefu.

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho. Msimu ukifunguliwa mwezi wa Oktoba, nasimama kwenye vumbi la magunia tangu asubuhi hadi taa zinawashwa. Sigara nilianza nikiwa na miaka 19, nikaivuta miaka 22. Nilihamia kwenye vepu kwa sababu nilikuwa nakohoa usiku mpaka mama watoto anachukua mto wake na kwenda kulala chumba cha wanangu. Kwa hiyo namwandikia mtu mzima wa aina yangu, ambaye sigara ilishamkamata. Kama huvuti, usianze. Nikotini imo humu vilevile na inamshika mtu vilevile.

Tangi hili ni la kusokota koili mwenyewe. Yale ya kawaida, koili ikiungua unatupa kichwa kizima unanunua kingine, na kingine hicho hapa Mtwara mimi sijakipata. Kila mara ni kuagiza Dar na kusubiri basi. La kusokota halina shida hiyo. Unachukua waya wa Kanthal, ambao ni chuma kilichochanganywa na kromu na alumini, unauzungusha kwenye kijiti cha milimita 2.5, unaubana kwa skrubu mbili, unapitisha pamba katikati, unajaza majimaji, basi. Mimi natumia waya wa unene wa milimita 0.32, mizunguko minane, na tesa, kile kipimo cha umeme, inanisomea kama omu 1.4. Koili moja inakula sentimita nane hivi za waya, kwa hiyo roli ya mita 10 inanitolea koili zaidi ya 100. Pamba ni ya duka la dawa, naichemsha na kuianika kabla ya kuitumia. Kwa mtu anayeishi mbali na maduka ya vitu hivi, sioni chaguo jingine la maana.

Kasoro ya tangi langu ilikuwa moja tu, lakini ilikuwa kubwa kiasi cha kuharibu yote hayo: halikuwa na hewa. Ukilivuta ni kama unakunywa uji mzito kwa mrija wa soda. Mashavu yanaingia ndani, masikio yanaziba, na unachopata ni mvuke kidogo wa moto unaochoma ncha ya ulimi. Sababu yake naielewa sasa. Hewa inayopita ndiyo inayopoza koili na kubeba mvuke. Ikiwa chache, koili inabaki na joto lake na pamba inaanza kuungua. Halafu wewe unavuta kwa nguvu zaidi kutafuta mvuke, na ule mvuto unanyonya majimaji kutoka kwenye tangi kuliko koili inavyoweza kuyageuza, tangi linaanza kugugumia kama kiko, na matone yanakufika mdomoni. Mara mbili nililiweka kabatini nikarudi kununua sigara za rejareja. Mara ya pili nilizificha kwenye mfuko wa koti la mvua, na binti yangu mdogo ndiye aliyezikuta. Hakusema kitu, alinipa tu mkononi. Hilo liliniuma kuliko kikohozi.

Mtengenezaji simtaji. Nasema tu kwamba maelezo kwenye boksi yaliahidi hewa ya kutosha kwa kila aina ya mvutaji, na hayo hayakuwa kweli.

Kwanza nilijaribu mwenyewe. Kwenye karakana ya pale ghalani kuna drili ya mkono, nikaomba biti ya milimita 1.5 na kutanua matundu mawili ya pembeni, yale yanayoonekana chini kabisa ya tangi. Yalikuwa ya milimita moja kila moja. Nilitegemea mabadiliko makubwa. Nilipata mabadiliko madogo, na juu yake nikapata mluzi: kila nikivuta, tangi linalia hadi chumba cha pili wanasikia. Ndipo jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, akaniambia nimpelekee fundi saa anayekaa upande wa Soko Kuu, kwa kuwa yule ndiye mtu pekee anayemjua ambaye mikono yake imezoea vitu vidogo.

Kibanda chake ni kidogo, meza moja, taa moja ya kuinamisha, na kabati la droo ndogondogo lililokuwa la babu yake. Nilimkuta amevaa ile lenzi ya jicho moja, anafunga mkanda wa saa ya mama mmoja. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu. Nikamtolea tangi. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Hilo lingenitia wasiwasi kwa fundi mwingine, lakini yeye alisema wazi, "Hiki sikijui. Nionyeshe upepo unaingilia wapi na unatokea wapi." Nikamwonyesha. Matundu mawili ya pembeni, kisha hewa inapinda na kupanda kwa tundu moja la katikati lililo chini ya koili, kisha bomba, kisha kidomo cha kuvutia. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi, mtu wa mizani, nilipaswa kulifanya kabla ya kushika drili. Akapima. Alitoa kikopo cha biti zilizochakaa, nyembamba kama sindano, kila moja na kipimo chake, akaanza kuzitumbukiza kwenye tundu la katikati kwa upande wa shina. Ya milimita 1.2 ikaingia. Ya 1.3 ikagoma. Akaenda kwenye kidomo: 2.0 ikaingia, 2.1 ikagoma. Akaandika kwenye karatasi ya risiti: pembeni 1.5 mara mbili, katikati 1.2, mdomoni 2.0. Akanigeuzia karatasi. "Mwanangu, wewe umepanua lango la uani. Mlango wa chumbani bado ni uleule."

Nimekaa na sentensi hiyo siku nyingi. Hewa inapita kwenye njia moja, na pale palipobana kuliko pengine ndipo panapoamua. Tundu langu la katikati lilikuwa dogo kuliko yote, na mimi nilikuwa nimehangaika na yale yanayoonekana kwa macho.

Akanieleza pia hesabu ya tundu, na hii nataka kila anayefikiria kutoboa aishike. Ukitoka milimita 1.2 kwenda 1.8 unaona umeongeza nusu tu. Lakini hewa haipiti kwenye mstari, inapita kwenye duara zima. Zidisha 1.2 kwa 1.2 unapata 1.44. Zidisha 1.8 kwa 1.8 unapata 3.24. Umepanua njia mara mbili na robo. Kwa hiyo mtu anayesema "nitoboe mpaka tatu, mambo yaishe" hajui anachoomba: angekuwa amepanua zaidi ya mara sita, na angebaki na tangi la mawingu lisilo na ladha kwa mtu aliyetoka kwenye sigara, anayetaka mvuke ukae mdomoni kwanza kabla haujashuka kifuani.

Kazi yenyewe ilichukua karibu saa mbili, kwa sababu alikataa kuharakisha. Alilifungua tangi lote, akatoa oringi zote, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja, na kile kipande cheupe cha plastiki kinachotenganisha ncha chanya na mwili wa tangi. Akasema joto la drili likikifikia kile, kitalainika, na hapo betri itapiga shoti. Akalifunga kitako kwenye jiriwa ndogo akilizungushia kipande cha ngozi ili hesi zisichubuke. Hesi ile ya chini inayolifunga tangi kwenye betri, inayoitwa 510, aliipima kwa kupenda tu: unene milimita 7, na kila mzunguko nusu milimita. Akasema ni nyembamba kama za saa za mezani, na ikichubuka hakuna mtu Mtwara atakayekuchongea nyingine.

Chuma ni stenlesi. Alionya kwamba stenlesi ukiitoboa kwa kasi huku drili inasuguasugua juu juu, inazidi kuwa ngumu na biti inakatika ndani. Yeye alizungusha polepole, akikandamiza imara, tone la mafuta ya cherehani kila baada ya sekunde chache. Alianza na biti ya 1.5. Akasimama, akaosha, akaunganisha, akaniambia nivute bila koili wala majimaji, hewa tupu. Nafuu, lakini bado. Akapanda hadi 1.8. Nikavuta tena. Hapo nikainua mkono, na yeye akatoa biti kwenye drili papo hapo na kuirudisha kikoponi. "Chuma ukikitoa hukirudishi," alisema, na sikumwomba hata sehemu moja ya milimita zaidi.

Mluzi aliuondoa kwa njia niliyoipenda sana. Alichukua biti kubwa ya milimita 3, akaishika kwa vidole bila mashine, akaizungusha taratibu kwenye ukingo wa kila tundu, mara tatu nne. Ile ncha kali ya chuma niliyoiacha mimi ndiyo iliyokuwa inaukata upepo na kuufanya ulie. Mpaka leo ni kimya.

Usafi ndio sehemu ambayo fundi wa haraka angeiruka. Vumbi la chuma linalobaki ndani litakwenda na mvuke hadi mapafuni mwako. Aliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa mswaki mpya, mara mbili, kisha spiriti, kisha akapitisha kijiti chenye pamba kwenye kila tundu na kunionyesha. Cha kwanza kilitoka cha kijivu. Cha pili kijivu kidogo. Cha nne kilitoka cheupe, akaridhika. Mwisho kabisa, kabla ya koili, akachukua tesa na kugusa ncha chanya na mwili wa tangi. Haikulia, maana yake hakuna shoti. Ninamsifu kwa hilo kwa sababu mimi sikumwambia. Aliuliza tu kama kitu kinatumia betri, nikajibu ndiyo, na yeye akajua la kufanya.

Matokeo ya siku ya kwanza: mvuto umekuwa mwepesi kama wa kiko kilichosafishwa. Mvuke umepoa. Zamani nilikuwa sithubutu kupita wati 10, sasa nakaa kwenye 13 au 14 na pamba haiungui. Ladha ya limao, ambayo nilidhani ni mbaya tangu kiwandani, kumbe ilikuwa inaungua tu. Ilinibidi niinue koili kidogo, ikae kama milimita mbili juu ya tundu, na niongeze pamba kwa sababu sasa majimaji yanatumika kwa kasi. Yalikuwa mililita 2 kwa siku, yamekuwa 3. Hiyo ni gharama, na niitaje.

Nikakaa wiki moja nikiwa na furaha, halafu nikaanza kuhisi kwamba kuna mahali bado pamebana. Ile karatasi ya risiti nilikuwa nayo. Pembeni 1.5 mara mbili, katikati 1.8, mdomoni 2.0. Katikati palipofunguka, kidomo kikawa kinasikika: ni cha milimita 2 tena kirefu, na njia nyembamba ikiwa ndefu hewa inasuguana nayo safari nzima. Kilikuwa cha plastiki, na fundi saa hakutaka kukigusa, akasema plastiki itapasuka.

Hapo ndipo nikapanda daladala kwenda Mikindani kwa mzee mmoja Mmakonde anayechonga vinyago na bakora kwa mpingo. Misitu yetu ya kusini, Kilwa na Lindi, inajulikana duniani kwa mti huu, na watengenezaji wa klarineti na oboi Ulaya wanautaka kuliko mti mwingine wowote. Ni mti mzito hadi unazama majini, haunywi maji ovyo, na ukitobolewa tundu linabaki na ukuta laini. Nikajiambia kwamba mti unaofaa kupitisha pumzi ya mpiga klarineti hauwezi kushindwa na pumzi yangu.

Mzee alitumia kipande kilichobaki kwenye bakora. Nilimpelekea kidomo cha zamani kama kielelezo na oringi mbili. Akachonga kitako kwa tupa akikipima kila mara kwenye tangi, akakata mifereji miwili ya oringi kwa msumeno wa chuma, akatoboa tundu la milimita 3. Alipofika kumalizia, mkono ukaenda kwenye kopo la rangi ya viatu, kama wachongaji wengi wanavyong'arisha. Nikamshika. "Mzee, hiki kitakaa mdomoni mchana kutwa." Akacheka, akaniuliza kwa nini sikusema mapema, akakisugua kwa msasa laini mpaka kikang'aa chenyewe, kisha mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa. Aliniambia pia nikioshe vizuri, kwani vumbi la mpingo linawasha ngozi za watu wengine. Nilikiosha mara tatu.

Sijui nikieleze vipi kidomo hiki bila kuonekana nazidisha. Hakichomi midomo hata nikivuta mara kumi mfululizo. Kinakaa mdomoni kama kiko cha babu. Hewa imeongezeka kidogo tu, si kama ule mruko wa tundu la katikati, lakini ule mbano wa mwisho niliokuwa nauhisi umetoweka. Ukiniuliza kipi ningekibakiza kama tangi lingeibiwa kesho, ni hiki.

Sasa kasoro zilizobaki, maana zipo. Tundu pana linashika majimaji vibaya kuliko tundu dogo. Zamani tangi lilikuwa halivuji hata nikililaza. Sasa, na hasa kipindi hiki cha kaskazi ambapo ofisi yetu ya mabati inachemka mchana, majimaji yanakuwa mepesi na nikiliacha limelala mezani naweza kukuta tone chini ya matundu ya pembeni. Nimezoea kulisimamisha wima, na nimehamia kwenye majimaji yenye gliserini nyingi, ambayo ni mazito. Wakati wa kujaza nafunga kwanza ile pete ya hewa, ya kuzungusha, inayofungua na kufunga matundu ya pembeni, najaza, nafunika, nageuza juu chini, ndipo naifungua. Ukisahau hatua hiyo utalowa.

Pia ile pete ya hewa yenyewe imekuwa legevu tangu nilipoitoboa mimi kwa pupa. Fundi saa aliiwekea oringi nene zaidi, imeshika, lakini si kama mpya. Kosa hilo ni langu. Ningekwenda kwake tangu mwanzo ningekuwa na matundu yasiyo na mikwaruzo.

Kwa yeyote atakayefanya hivi, mambo mawili nayasisitiza. La kwanza ni betri. Zetu nyingi ni za 18650, yaani upana milimita 18 na urefu 65. Hewa ikiongezeka utatamani kupandisha wati, na ukipandisha wati hakikisha betri yako inaweza kutoa umeme huo, wala usiitembeze mfukoni pamoja na funguo au sarafu, na ganda lake likichanika usiitumie. La pili ni chupa ya majimaji. Nikotini ya maji ni sumu kwa mtoto, kidogo tu inatosha kumdhuru, na chupa zenyewe zina picha za matunda. Yangu inakaa kwenye kabati la juu lenye kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Tangi kama lilivyotoka kwenye boksi, silipendekezi kwa mtu. Huduma ya fundi saa naipendekeza kwa moyo wote, na ningelipa hata mara mbili yake. Kidomo cha mpingo, vivyo hivyo. Tangu vitu hivyo viwili vikae pamoja sijanunua sigara, hata ya rejareja, na mto wa mama watoto umerudi ulipokuwa.

Ukienda kwa fundi saa, nenda asubuhi kabla ya saa nne. Jua la asubuhi linaingia moja kwa moja kwenye meza yake na hapo ndipo anapokubali kazi za matundu. Mchana anafunga mikanda na kubadilisha betri tu. Peleka tangi likiwa tupu na limeoshwa, bila koili, na ubebe oringi za akiba. Na usitoboe chochote kabla hajakupimia.